Usiku wa Nyahua: Semi Moja, Saa Zilizoisha na Maegesho Yaliyokosekana

Semi, yaani lori la kuvuta tela, iliyobeba katoni za sabuni na mafuta ya kula ilitoka Dar es Salaam Jumatatu jioni kwenda bandari ya Kigoma, ambako mzigo ulikuwa uvushwe Ziwa Tanganyika hadi Kalemie, Kongo. Ndani walikuwa wawili, dereva na utingo wake. Iliingia Kigoma Alhamisi saa 9 alasiri, turubai limechanwa, tenki moja la dizeli limenyonywa, katoni kadhaa hazipo, na dereva ameshapigiwa simu kuelezwa kwamba hasara yote itakatwa kwenye mshahara wake.

Mimi napanga safari za malori hapa Tabora. Gari hili si la ofisi yetu. Dereva alinifuata kwa sababu tunajuana tangu nilipokuwa nashika usukani, akaomba nimsaidie kuandika maelezo yake kwa mwajiri. Nilikaa naye, nikamsikiliza utingo, nikapitia rekodi ya trakingi waliyotumiwa. Majina ya watu na ya kampuni nimeyaacha. Wengi waliosikia kisa hiki wanamlaumu kwa kulala porini. Rekodi inaonyesha jambo jingine: kilichotokea saa 9 usiku kule Nyahua, kabla ya kufika Tabora, kiliamuliwa saa 10 jioni pale Manyoni, jua likiwa juu bado, mahali penye taa, choo na mlinzi.

Saa zilivyoliwa

Jumatatu aliitwa ghalani saa 12 asubuhi. Alifika kwa wakati, maana anayechelewa hurudishwa mkiani mwa foleni. Mzigo ulianza kupakiwa baada ya adhuhuri, ukakamilika saa 9 alasiri, hati zikatoka saa 10. Muda wote huo hakupata kulala. Foleni inaposogea hatua mbili lazima awepo asogeze gari, ahesabu katoni zinavyoingia, asimamie turubai linavyofungwa, kisha asaini. Akaondoka, akapambana na foleni ya Kibaha, akapita mizani ya Vigwaza, akaingia Morogoro saa 5 usiku.

Ofisi yake inahesabu kazi ya dereva tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Kwa hesabu yao, siku ile alifanya kazi saa tano na nusu. Kwa hesabu ya mwili wake zilikuwa saa kumi na saba. Tofauti hiyo ya saa kumi na moja na nusu ndiyo inayoua watu katika barabara zetu, na haionekani kwenye karatasi yoyote.

Saa 11 alfajiri Jumanne walikuwa njiani tena. Morogoro hadi Dodoma ni kama kilomita 260. Walifika saa 4 na nusu asubuhi. Mizani ya Nala, ukishaitoka Dodoma kuelekea Singida, ilikuwa na foleni iliyowashikilia hadi saa 6 mchana. Walikula, wakaondoka saa 7, wakafika Manyoni karibu na saa 10 jioni. Hapo dereva alikuwa ameshika usukani kwa saa nane na nusu tangu alfajiri, baada ya usiku wenye usingizi wa saa tano hivi.

Manyoni, saa 10 jioni

Manyoni ni njia panda: moja inakwenda Singida, nyingine inashika Itigi hadi Tabora. Nafasi ya kuegesha ilikuwepo. Dereva alimpigia simu msimamizi wake.

"Bosi, tumefika Manyoni salama. Naomba tulale hapa, saa 10 alfajiri nitakuwa barabarani."

"Kaka, mteja anataka gari Kigoma Alhamisi saa 2 asubuhi, meli inapakia. Jitahidi ufike Tabora, huko utalala vizuri."

"Sawa bosi."

Nilimuuliza kwa nini hakusema mwili umechoka. Akasema alimaanisha hivyo alipoomba kulala. Namwamini. Dereva wa lori hamwambii bosi kwamba anasinzia, kwa sababu siku mbili baadaye gari linaweza kukabidhiwa mtu mwingine. Anaomba kwa njia ya heshima, na msimamizi anayejua kazi yake anapaswa kusikia kinachoombwa.

Basi tuifanye hesabu ambayo haikufanywa kwenye simu ile. Kutoka Manyoni hadi Tabora ni kama kilomita 260. Sheria ya usalama barabarani inaliwekea lori kama hili kikomo cha kilomita 80 kwa saa, na 50 kwenye makazi. Semi iliyojaa, ukijumlisha vijiji, ng'ombe na vituo vya trafiki, hupata wastani wa 50. Maana yake ni saa tano na zaidi. Angefika Tabora kati ya saa 3 na saa 4 usiku kama kila kitu kingekwenda sawa, akiwa na takriban saa kumi na nne za usukani kwa siku hiyo.

Kama angelala Manyoni tangu saa 10 jioni, angepata mapumziko ya saa kumi na mbili kamili. Jumatano angeondoka saa 10 alfajiri, akapita Tabora kabla ya saa 4 asubuhi, akala, akasogea Urambo na kuegesha Kaliua alasiri. Alhamisi alfajiri angemalizia kipande cha mwisho na kuingia Kigoma kwenye saa 4 asubuhi. Angechelewa saa mbili. Mzozo wote ulikuwa wa saa mbili, na chombo chenyewe, kama alivyokuja kukuta, kilianza kupakiwa Ijumaa mchana.

Waliondoka Manyoni saa 10 na nusu. Kabla ya Itigi tairi la tela likapasuka. Kulifungua, kufunga la akiba na kutafuta upepo kukachukua zaidi ya saa mbili, na wakatoka Itigi saa 2 usiku. Hapo tena palikuwa na nafasi ya kulala, ila ahadi ya Tabora ilikuwa imeshatolewa. Nadhani ahadi ndiyo iliyokuwa ikiendesha gari kutoka hapo.

Mgunda Mkali

Ukitoka Itigi unaingia kwenye vichaka vizito, kisha Chaya, kisha Nyahua, halafu ndiyo Tabora. Lami ya kipande cha Chaya hadi Nyahua, kilomita 85 hivi, ndiyo iliyokuja kuunganisha Tabora na Manyoni kwa lami moja kwa moja. Imeturahisishia sana maisha. Lakini lami nzuri imeongeza mwendo bila kuongeza sehemu za kusimama. Zamani vumbi na mashimo vilimlazimisha dereva alale Itigi. Siku hizi barabara inamwambia aendelee.

Wapagazi wa Kinyamwezi walipita eneo hilihili na misafara ya karne ya 19. Nyika kati ya Ugogo na Tura, mpakani mwa Unyamwezi, iliitwa Mgunda Mkali kwa ukame wake. Wakuu wa misafara walijua visima viko wapi, na mwendo wa siku ulipangwa kwa umbali wa kisima hadi kisima. Kisima kikiwa karibu, msafara ulilala mapema hata kama miguu ilikuwa na nguvu. Hakuna aliyetembea hadi achoke ndipo aanze kutafuta maji.

Hilo ndilo ninalotaka wapangaji wa safari wenzangu walishike. Hatuanzi na saa ngapi zimebaki kisha tukatafuta pa kulala. Tunaanza na pa kulala, ndipo tunajua ni saa ngapi tutatumia. Kwenye barabara hii utalazimika kuacha saa mbili au tatu bila kuzitumia, kwa sababu kitanda kinachofuata kipo mbali kuliko saa zilizobaki. Saa hizo hazijapotea. Ndizo zinazolipia usingizi.

Saa 4 na nusu usiku, jirani na Nyahua, utingo aliona gari linahama taratibu kwenda kulia. Alipiga kelele. Dereva aliamka akiwa ameshika usukani na macho yamefunguka. Hakujua kwamba alikuwa amelala. Kusinzia kwa namna hiyo huchukua sekunde chache tu. Kwa mwendo wa 60, sekunde nne ni karibu mita 67 bila dereva. Tafiti za uchovu zimeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya makosa kama mwenye kiwango cha kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, na huyu alikuwa na siku mbili za namna hiyo mfululizo.

Aliegesha hapohapo, na kwa hilo nampongeza bila kusita. Kusimama kulikuwa uamuzi sahihi pekee uliokuwa umebaki. Lakini alisimama wapi? Kwenye bega la barabara, nusu ya tela ikiwa bado inagusa lami. Kulikuwa na uwazi wa udongo pembeni, akauogopa, na alikuwa na sababu: ardhi ya mbuga huku kwetu, mvua ikishanyesha, inaimeza semi hadi ekseli, na kuitoa huko ni kazi ya siku nzima na trekta la kukodi. Aliweka pembetatu moja, nyingine ilikuwa imevunjika, utingo akakata matawi akayapanga nyuma kama ilivyo desturi yetu. Wakalala.

Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku. Saa 9 usiku basi lilipita likipiga honi ndefu na kuikosa kona ya tela kwa kitu kidogo. Ndiyo iliyowaamsha. Utingo alishuka kuangalia, akanusa dizeli. Kifuniko cha tenki la upande wa porini kilikuwa chini, turubai limechanwa kwa wembe upande uleule. Hakuna aliyesikia kitu. Ukitazama saa za usingizi walizokuwa wamepata tangu Jumapili, ingekuwa ajabu kama wangesikia.

Jinsi ya kuchagua mahali

Dereva mzoefu akiingia sheli huangalia mambo ambayo mgeni hayaoni, na huyu anayajua yote. Hakuwa na nafasi ya kuyatumia. Mzoefu anafika kabla ya saa 11 jioni, kwa sababu saa 12 ikigonga nafasi nzuri zimeisha na anayebaki anapewa ukingo wa barabara. Anaingiza gari kwa kurudi nyuma ili kichwa kitazame nje, asubuhi atoke bila kuwaamsha wengine. Tenki kubwa analielekeza ukutani au kwa lori jirani, milango ya tela anaikaribisha kwenye ukuta kiasi kwamba haifunguki. Anapiga picha geji ya mafuta na sili, anamtafuta mlinzi kwa jina, anamlipa kiasi mbele ya mtu mwingine na kumwahidi kingine asubuhi.

Kisha anakwenda kula kwa mama lishe, na hapo ndipo anapojua ukweli wa sheli. Mama lishe anajua mlinzi yupi analewa, wiki iliyopita lori gani liliibiwa, na kama maji ya bafuni yanatoka. Mimi mwenyewe orodha yangu ya sehemu za kulala imejengwa zaidi na maneno ya akina mama hao kuliko ya wenye sheli.

Kutoka Tabora hadi Kigoma, karibu kilomita 400, vitanda ni vichache lakini vinapangika: Urambo, Kaliua, Nguruka, Uvinza. Msimu wa tumbaku Urambo na Kaliua hujaa malori, hivyo fika mapema zaidi au lala Tabora. Ukishapita Nguruka na kuelekea mto Malagarasi usijidanganye kwamba utapata kitu kabla ya Uvinza. Na Kigoma mjini, karibu na bandari, ni pafinyu na pana mteremko. Kama bandari haijakuita, ni afadhali usubiri Uvinza au Kidahwe, kwenye njia ya Kasulu, kuliko kushuka mjini usiku ukafukuzwa kila unaposimama.

Sheria iko upande gani

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, 9 kwa siku. Pamoja na saa za ziada, siku haiwezi kuzidi saa 12. Baada ya saa tano za kazi mfululizo kuna mapumziko ya dakika 60, na kati ya siku moja ya kazi na nyingine lazima kuwe na saa 12 mfululizo za kupumzika. Hizo 12 zinaweza kushuka hadi 8 kwa makubaliano ya maandishi, ikiwa saa za kazi zinakatwa katikati na mapumziko yasiyopungua saa tatu. Dereva wetu alipata sita Morogoro, na hakuna karatasi aliyosaini.

Jumlisha. Jumatatu saa 17, Jumanne saa 17 na nusu. Hata ukiondoa muda wa kula, Jumanne usiku alikuwa ameshamaliza sehemu kubwa ya saa 45 za wiki nzima. Kwa mabasi, LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, inataka madereva wawili safari ikizidi saa nane. Abiria wana sauti, na wanalalamika. Katoni za sabuni hazilalamiki, ndiyo maana semi yenye uzito wa tani 50 inaachiwa mtu mmoja kutoka pwani hadi ziwani.

Kuna wanaosema sheria kali ya saa ingetosha. Marekani wanayo: saa 11 za usukani ndani ya dirisha la saa 14, baada ya mapumziko ya saa 10, na tangu Desemba 2017 malori mengi lazima yawe na kifaa cha elektroniki kinachorekodi saa hizo. Bado maegesho yanawasumbua. Machi 2009 dereva Jason Rivenburg alifika karibu na mahali pa kushusha mzigo huko South Carolina kabla ya muda wake. Hakuwa na pa kuegesha, akalala kwenye kituo cha mafuta kilichoachwa, akauawa na mwizi. Mke wake alipigania suala hilo hadi mwaka 2012 likaingia kwenye sheria ya shirikisho, inayojulikana kwa jina la mumewe, ili fedha za barabara zitumike pia kujenga maegesho ya malori. Saa zikibanwa bila kuwepo mahali pa kusimama, dereva anabaki kuchagua kati ya kuvunja sheria na kulala hatarini.

Kwa hiyo sioni sababu ya kipande cha Itigi hadi Tabora kubaki bila uwanja wa malori. Eneo la Tura au Nyahua, lililoshindiliwa kifusi ili semi isizame, lenye taa, choo, maji, uzio na mlinzi anayewajibika kwa halmashauri, halihitaji jengo la kifahari. Madereva watalipa. Tayari wanalipa walinzi wa mfukoni kila usiku, bila risiti. Akina mama wa vijiji hivyo watauza ugali na asali, na halmashauri itapata ushuru.

Makato

Jumatano ilikwenda yote Tabora: polisi kuchukua RB, yaani namba ya kuripoti tukio, kisha kusubiri ofisi itume fedha ya dizeli hadi alasiri. Walilala Tabora, na Alhamisi saa 11 alfajiri wakaondoka. Haraka ya Manyoni ilichelewesha mzigo kwa saa tano zaidi ya usingizi wa Manyoni.

Mwajiri alitaka kukata thamani ya mafuta, turubai na katoni kwa mkupuo. Kifungu cha 28 cha sheria ileile ya ajira ya mwaka 2004 hakiruhusu hivyo. Hasara inaweza kukatwa iwapo tu imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, baada ya kumweleza kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake, na kumpa nafasi ya kujitetea. Na jumla ya makato isizidi robo ya malipo yake. Tuliandika maelezo ya kurasa mbili. Tuliambatanisha RB, picha za tenki, rekodi ya trakingi inayoonyesha gari limesimama Manyoni saa 10 jioni, na orodha ya simu inayoonyesha dakika ile aliyoomba kulala. Hoja ni moja: kosa haliwezi kuwa la aliyeomba kulala na kukataliwa.

Kampuni imeshaondoa turubai na katoni kwenye dai. Mafuta bado inayadai, na dereva hajasaini. Nimemwambia asisaini chochote kinachosema "nakiri", aendelee kuripoti kazini kama kawaida, na ahesabu siku tangu mgogoro ulipoanza, kwa sababu malalamiko ya aina hii, yasiyohusu kufukuzwa kazi, yanapaswa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Fomu ameshaichukua.